Kirusi kwenye sindano, doa kwenye unyayo

Ukiumwa na mbwa asiye na mwenyewe katika Wilaya ya Serengeti, iwe Robanda, Nata au pembezoni mwa mji wa Mugumu, wazee watakuuliza kwanza kama huyo mbwa bado yu hai. Wana sababu. Kichaa cha mbwa kimezika watu wengi huku, na ni wilaya hii iliyopata chanjo ya mbwa wa vijijini kuanzia mwaka 1996, katika kampeni iliyofuatiliwa kwa karibu na watafiti, akiwemo daktari wa mifugo Sarah Cleaveland. Baada ya raundi mbili tu, ugonjwa kwa mbwa ulikuwa umekaribia kutoweka, na idadi ya watu walioumwa ikashuka pia. Kwa mkazi wa hapa, basi, kirusi ni adui anayejulikana kwa jina. Mwambie kwamba kuna hospitali za Ulaya na Marekani ambako wagonjwa wa saratani ya ngozi hudungwa virusi hai ndani ya uvimbe ili wapate nafuu, atakuona kama mtu anayependekeza fisi apewe zizi alinde.

Ndivyo inavyofanyika, hata hivyo. Tena mbwa aliyeuma mtu yumo katika historia ya tiba hiyo tangu kurasa za mwanzo. Mwaka 1912 daktari wa Italia, Nicola De Pace, aliandika habari za mama mmoja aliyekuwa na saratani kubwa ya mlango wa kizazi. Mama huyo aliumwa na mbwa, akadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa ya Pasteur, na uvimbe wake ukanywea bila kuguswa na kisu. Karibu miaka 40 baadaye, New York, daktari wa upasuaji George Pack alikutana na jambo la namna hiyo kwa mgonjwa wa melanoma, ile saratani kali ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya mwili. Mwaka 1950 akachapisha taarifa fupi ya kuwajaribu wagonjwa wengine wa melanoma kwa chanjo hiyohiyo. Wachache walionyesha dalili za nafuu, wengi hawakupata kitu. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini, na chanjo ya siku zile, iliyotengenezwa kwa mishipa ya fahamu ya wanyama, ilikuwa na hatari zake.

Nimeanza na mbwa kwa makusudi, maana habari za tiba hii zikisimuliwa husikika kana kwamba yote yalizaliwa maabara ya London au Boston. Sehemu nzuri ya dalili za mwanzo ilitoka ukanda huu wetu wa Ziwa.

Chukua kirusi cha West Nile. Jina lake limetokana na wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako mwaka 1937 watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe walikitoa kwenye damu ya mwanamke aliyekuwa na homa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kirusi cha aina hiyo, kilichopatikana Misri, kilikuwa kikidungwa kwa wagonjwa wa saratani waliokata tamaa New York, katika hospitali ya Memorial, chini ya Chester Southam na Alice Moore. Kwa baadhi yao uvimbe ulipungua kwa muda. Wengine walipata homa ya ubongo. Southam huyohuyo alikuja kuchafua jina lake mwaka 1963, alipowadunga wazee 22 wa hospitali moja ya Brooklyn seli hai za saratani bila kuwaeleza ni nini. Alipewa adhabu ndogo, na miaka michache baadaye wenzake wakamchagua kuongoza chama cha watafiti wa saratani cha Marekani. Msomaji anayeshangaa kwa nini siku hizi hakuna utafiti wa binadamu unaoanza bila fomu ndefu za ridhaa, sehemu ya jibu ni mtu huyu.

Kisha kuna surua, ambayo habari yake inaanza na uvimbe wa watoto, na hapa tunakaribia nyumbani zaidi.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa ajabu unaoshambulia mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu la Ford, wakazunguka kwa wiki kumi kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi wakiuliza: mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Ramani waliyoichora ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake jijini London, kwa kutumia vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Kampala, wakakuta kirusi kipya ndani ya seli za saratani hiyo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mkoa wa Mara una ukurasa wake katika habari hii. Hospitali ya Shirati, ya Wamennonite, iliyoko kando ya Ziwa Victoria na ambayo leo imo Wilaya ya Rorya baada ya Rorya kumegwa kutoka Tarime, ilikuwa ikiandikisha watoto wenye uvimbe wa Burkitt kwa miaka mingi. Eneo lote hilo wakati huo liliitwa North Mara. Tofauti ya kijiografia ilikuwa wazi: kwenye mabonde ya ziwani, kwenye malaria nyingi, watoto waliugua zaidi, huku juu kwenye baridi ya milima ya Tarime, kwenye migomba na kahawa, walikuwa wachache. Kati ya mwaka 1977 na 1982 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, likishirikiana na madaktari wa Shirati, liliwagawia watoto wa chini ya miaka kumi vidonge vya klorokwini kijiji kwa kijiji, kuona kama malaria ikizuiwa saratani nayo itapungua. Ilipungua. Tatizo ni kwamba ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge, kwa hiyo watafiti hawakuweza kuapa kwamba ni kazi ya dawa. Mradi ukaisha na malaria ikarudi.

Turudi Kampala. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 ikiwa kituo cha kutibu saratani za mitoki, ukiwemo uvimbe wa Burkitt, ikiongozwa na Mmarekani John Ziegler. Hapo akaja mvulana wa miaka minane mwenye uvimbe wa Burkitt nyuma ya jicho la kulia. Kabla matibabu hayajaanza akapata surua. Vipele vilipotoka, uvimbe ukaanza kunywea, na haikuchukua muda mrefu jicho likarudi mahali pake. Ziegler na mwenzake Avrum Bluming walichapisha kisa hicho katika jarida la Lancet mwaka 1971, pamoja na picha za mtoto kabla na baada. Ni kurasa mbili tu, lakini mpaka leo ukisoma makala yoyote nzito kuhusu virusi vinavyoua saratani, mtoto huyo wa Mulago yumo.

Ukoo wa kirusi cha surua nao si mgeni huku. Ndugu yake wa karibu ni sotoka, iliyofagia ng'ombe na nyumbu wa Serengeti miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake, na ambayo ilitangazwa kufutika duniani mwaka 2011. Ndugu mwingine ni kirusi cha mbwa, si kile cha kichaa, kilichovuka mpaka wa hifadhi mwaka 1994 na kuua takriban theluthi ya simba wa Serengeti. Mwaka 2014 ukoo huohuo ulitoa habari ya furaha: hospitali ya Mayo, Marekani, ilitangaza kwamba mwanamke mwenye saratani ya uboho alikaa bila dalili za ugonjwa baada ya kudungwa kwa mkupuo mmoja virusi vya chanjo ya surua kwa kiasi ambacho kingetosha kuchanja watu milioni kumi. Alifaa kwa sababu hakuwa na kinga ya surua. Mtoto wa Tarime aliyepata chanjo zake za miezi 9 na 18 asingefaa, kwa kuwa mwili wake ungevimaliza virusi kabla havijafika popote. Naomba asitokee hata mzazi mmoja akasoma hapa akadhani surua ni dawa. Surua inaua, na kwa kila kisa kama cha yule mvulana, kuna makaburi ya watoto ambayo hayakuingia Lancet.

Visa vya bahati havitoshi kutengeneza dawa. Kilichohitajika ni uwezo wa kufungua kirusi, kutoa kinachodhuru na kuweka kinachosaidia, na uwezo huo ulipatikana mwishoni mwa karne iliyopita.

Dawa iliyofika mbali zaidi kwa melanoma inaitwa talimogene laherparepvec, jina ambalo hata madaktari hulikwepa na kusema T-VEC. Kirusi kilichomo ni kile kinacholeta malengelenge ya mdomoni mtu akiwa na homa, ambacho zaidi ya nusu ya watu duniani wanacho mwilini bila kujua. Kampuni ndogo ya BioVex, iliyotokana na kazi za Robert Coffin katika University College London, ilichukua kirusi kutoka kwenye lengelenge la mtu wa kawaida na kukifanyia marekebisho.

Marekebisho ya kwanza ndiyo yenye akili zaidi. Seli nzima ya mwili ikigundua kwamba imevamiwa na kirusi, husimamisha kazi zake za kutengeneza protini, ikakubali kufa pamoja na mvamizi kuliko kumzalishia watoto. Kirusi cha malengelenge kina jeni ya kuizuia seli isifanye hivyo. Jeni hiyo ikaondolewa. Kirusi kilichopokonywa silaha hiyo kikiingia kwenye seli nzima hakipati kitu, kinakwama. Kikiingia kwenye seli ya saratani mambo ni tofauti, kwa sababu seli ya saratani ilishavuruga utaratibu wake wa kujisimamisha, na kuvuruga huko ndiko kulikoifanya iote bila breki. Kirusi kinazaliana humo mpaka seli inapasuka. Jeni ya pili iliyotolewa ni ile inayowaficha wavamizi wasionekane na askari wa kinga ya mwili. Mahali pa ile jeni ya kwanza pakawekwa jeni ya binadamu inayotengeneza protini ya kuwaita askari hao. Kwa hiyo seli ya saratani ikipasuka, inamwaga vipande vyake mbele ya kinga iliyokwisha kuamshwa, na kinga ikijifunza sura ya vipande hivyo inaweza kuvifuata sehemu nyingine za mwili ambazo sindano haikufika.

Naandika inaweza, maana takwimu zinataka adabu. Utafiti mkubwa wa T-VEC uliandikisha wagonjwa 436 wa melanoma isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji, katika vituo 64 vya Marekani, Uingereza, Canada na Afrika Kusini. Waliopata nafuu iliyodumu angalau miezi sita walikuwa asilimia 16.3, dhidi ya asilimia 2.1 ya waliopewa ile protini peke yake. Nusu ya waliopata kirusi waliishi zaidi ya miezi 23.3, kwa kundi la pili ilikuwa miezi 18.9. Katika vivimbe vilivyodungwa, karibu viwili kati ya vitatu vilipungua kwa nusu au zaidi. Vile vya kwenye ngozi na mitoki ambavyo havikudungwa, kimoja kati ya vitatu. Vya ndani, kwenye mapafu au ini, asilimia 15 tu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Oktoba 2015, na Ulaya ikafuata Desemba.

Hesabu hiyo ya vivimbe vya ndani ndiyo ninayotaka msomaji wa Mara aishike. Dawa hii huitwa ya saratani iliyokomaa, lakini ilifanya kazi vizuri zaidi kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa bado umebaki kwenye ngozi na mitoki ya karibu. Sindano inaingia kwenye uvimbe unaoonekana au unaopapasika. Ugonjwa ukishahamia ndani, kirusi hakina la ajabu la kumfanyia mgonjwa. Hata tiba ya kisasa namna hii, kumbe, inamtaka mtu aliyewahi.

Na watu wetu hawawahi.

Madaktari wa Bugando, Mwanza, hospitali ambayo rufaa za saratani za Tarime na Serengeti huishia baada ya kupita hospitali ya Kwangwa pale Musoma, walichapisha mwaka 2012 mapitio ya wagonjwa 154 wa saratani za ngozi. Wengi wetu tumezoea kudhani melanoma ni ugonjwa wa Wazungu waliochomwa na jua la pwani. Katika orodha ile, melanoma ndiyo iliyoongoza, na sehemu iliyoshambuliwa zaidi ilikuwa miguu. Wengi walikuwa wameishi na ugonjwa muda mrefu kabla ya kufika kwa daktari.

Melanoma ya Mwafrika mara nyingi haitafuti jua. Inaota kwenye unyayo, kisigino, kiganja, au chini ya ukucha, mahali ambapo ngozi yetu haina weusi wa kuilinda wala sababu ya kutazamwa. Bob Marley ndiye mfano ambao hata kijana wa bodaboda wa Sirari anaujua: doa chini ya ukucha wa kidole cha mguu lililodhaniwa ni jeraha la mpira, likapimwa mwaka 1977, na mwaka 1981 akafa akiwa na miaka 36. Chanzo cha melanoma ya namna hii hakijulikani sawasawa. Wapo wanaoshuku mgandamizo na majeraha ya mara kwa mara. Mchunga ng'ombe wa Nyamwaga anayevaa katambuga, au mama wa Ngoreme anayelima akiwa peku, amechomwa na miiba mingi kiasi kwamba doa moja jeusi zaidi halimshtui. Litaitwa mwiba uliobaki ndani, litaitwa funza, litaitwa sugu. Litachimbwa kwa wembe. Litapakwa jivu, au majani yaliyopondwa. Likianza kutoa majimaji litafungwa kitambaa, na mgonjwa atakwenda mnadani Jumamosi kama kawaida akichechemea. Siku anapofika zahanati, mitoki ya kinena imeshavimba upande uleule.

Kuna jambo jingine linalotia uzito. Melanoma ya jua hubeba mabadiliko mengi sana ya vinasaba, na wingi huo ndio unaoisaidia kinga ya mwili kuitambua kama kitu kigeni. Ya unyayoni hubeba machache, na dawa za kuamsha kinga huishika kwa shida zaidi. Tiba zilizopimwa kwa ngozi nyeupe hatuwezi kuzihamishia kwenye kisigino cha Mkurya tukadhani matokeo yatalingana.

Wenzetu wenye ualbino wana habari yao tofauti. Kwao jua ndilo adui, lakini melanoma si saratani yao kuu. Bugando ilipopitia wagonjwa 64 wa saratani ya ngozi wenye ualbino, melanoma ilikuwa kwa mmoja tu. Robo tatu walikuwa na saratani ya seli za juu za ngozi, hasa usoni, masikioni na shingoni. Saratani hiyo huenda polepole kuliko melanoma na ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Inaua kwa sababu mtoto anakaa dawati la dirishani bila kofia, anatumwa maji saa saba mchana, na kidonda cha sikio kinangojewa kipone chenyewe. Kwa miaka kadhaa Kanda ya Ziwa ilipata sifa mbaya duniani kwa mauaji ya watu hawa. Jua limeua wengi zaidi kimyakimya. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, na mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun yanatengenezwa hapohapo kwa ajili ya ngozi zenye ualbino. Chupa ya mafuta na kofia pana haviandikwi kwenye magazeti ya sayansi kwa herufi kubwa. Nikiambiwa nichague kipi kipelekwe kesho shule za Serengeti, sitafikiri mara mbili.

Saratani nyingine ya ngozi ambayo daktari wa Tarime hukutana nayo ni Kaposi, yale madoa ya zambarau yanayowatokea zaidi watu wenye virusi vya UKIMWI. Hiyo yenyewe inasababishwa na kirusi cha ukoo wa malengelenge, kilichogunduliwa mwaka 1994, na ARV ndiyo nguzo ya matibabu yake. Mtu ambaye kinga yake imeshuka sana hapewi T-VEC, kwa kuwa kirusi hai, hata kilichonyang'anywa silaha, kinaweza kusambaa mwilini mwake. Mgonjwa anayepewa naye hufunikwa mahali pa sindano kwa bandeji isiyopitisha maji, na anayemuuguza huvaa glovu. Fikiria nyumba moja yenye bibi, wajukuu sita na ndoo moja ya kuogea.

Bei nayo ipo. Dawa ilipoingia sokoni, kampuni ya Amgen iliyoiuza ilikadiria matibabu ya mgonjwa mmoja kwa wastani wa dola 65,000, zaidi ya shilingi milioni 150 za leo. Inatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 70 hadi 90 chini ya sifuri. Jokofu la chanjo la zahanati linashikilia nyuzi 2 hadi 8 juu yake, umeme ukiwepo. Sindano ya pili huja baada ya wiki tatu, kisha kila wiki mbili, kwa miezi sita au zaidi. Huyu ni mgonjwa ambaye sasa hivi nauli ya Mwanza mara moja inamfanya auze mbuzi.

Kwa uadilifu lazima niseme kwamba hata huko ilikozaliwa, T-VEC haikutawala. Kuanzia mwaka 2011 zilikuja dawa za dripu zinazoondoa breki za kinga ya mwili, na melanoma iliyokuwa hukumu ya miezi ikawa kwa baadhi ya watu ugonjwa wa miaka. Matumaini yakawa kuziunganisha mbili hizo. Utafiti wa wagonjwa 692 ukafanywa, na mchanganyiko haukuonyesha faida ya kutosha kuliko dripu peke yake. Kirusi kingine cha ukoo huohuo, RP1, kilichotengenezwa na kampuni ya Replimune ambayo mwanzilishi wake mmoja ni Coffin yuleyule, kilijaribiwa pamoja na dripu kwa wagonjwa 140 ambao dripu ilikuwa imewashinda, na karibu theluthi wakapata nafuu. Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataa kukiidhinisha wakati huo, ikisema utafiti haukuwa na kundi la kulinganisha. Mabishano juu ya uamuzi huo yalikuwa makali, na mimi nawaelewa wote wawili: mgonjwa asiye na muda wa kusubiri, na mdhibiti aliyekwisha kuona dawa nyingi zenye picha nzuri za kabla na baada.

Mfano wa kuogofya upo Latvia. Mwaka 2004 nchi hiyo iliandikisha kirusi kilichoitwa Rigvir kwa ajili ya melanoma. Kikatangazwa hata nje ya mipaka, wagonjwa wa mbali wakakifuata kwa pesa zao. Mwaka 2019 kikaondolewa sokoni baada ya vipimo kuonyesha kwamba virusi ndani ya chupa vilikuwa pungufu kuliko kilichoandikwa kwenye karatasi. Watu walilipia maji, au karibu na maji.

Huku tunaijua njaa hiyo ya kupona. Mwaka 2011, upande wa pili wa hifadhi, Samunge huko Loliondo, maelfu walipanga foleni ya magari kwa kilomita nyingi kusubiri kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo wagonjwa walioacha dawa zao hospitalini ili wakanywe. Sitaki kuwacheka, anayeugua haulizi kwanza kama kuna kundi la kulinganisha. Lakini sauti za WhatsApp zikianza kusambaza kwamba kuna kirusi kinachokula kansa na kuna kliniki mahali fulani inakiuza, na zitaanza kama hazijaanza, mtu wa Mugumu awe na la kuuliza: ni kirusi gani, kimeidhinishwa na nani, kwa saratani ipi, na mimi saratani yangu imepimwa wapi?

Swali la mwisho ndilo linaloleta kazi nyumbani. Nimeuliza watu wa afya wa huku nini kingebadilisha hali ya melanoma bila kungoja mabilioni, na jibu lenye maana zaidi lilikuwa la kawaida mno: vueni watu viatu. Kliniki za ukoma zimefanya hivyo kwa miaka mingi, na za kisukari zinafundishwa kufanya. Mgonjwa anakaa kwenye benchi, muuguzi anaushika mguu, anaugeuza kwenye mwanga, anatazama kati ya vidole. Anachotafuta kwa melanoma kinafundishika kwa asubuhi moja: doa jeusi lenye kingo zisizo sawa au rangi mchanganyiko, doa linalopanuka, mstari mweusi wa ukucha uliovuka mpaka ukaingia kwenye ngozi, kidonda cha unyayo ambacho wiki zinapita hakifungi. Kwa mtu mwenye ualbino anatazama masikio, midomo na shingo.

Akiona kimojawapo, hatua inayofuata ni kuchukua kinyama. Hospitali ya Nyerere pale Mugumu na hospitali ya wilaya Tarime zina vyumba vya upasuaji mdogo. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinakatwa kwa ganzi, kinatumbukizwa kwenye kichupa cha formalini, kinaandikwa jina la mgonjwa na namba yake ya simu, na kinaweza kupelekwa Bugando kwa basi. Formalini haihitaji jokofu.